Mdogo wangu anaendesha baiskeli, mbona mimi barabarani nawachukia?

Swali la msomaji wa Tabata, Dar es Salaam: "Mimi ni mama wa watoto wawili. Siku za kazi naendesha gari kwenda Posta. Nyumbani na ofisini watu wananijua kwa upole, lakini nikimkuta mwendesha baiskeli mbele yangu, hasa hawa wabeba mkaa na wauza mikate, napandwa na hasira nisiyoielewa. Nampigia honi, na wakati mwingine nampita karibu makusudi ili ashtuke. Sasa mdogo wangu wa kiume ameanza kwenda kazini kwa baiskeli, na usiku silali kwa kumhofia. Ndipo nikajiuliza, hawa ninaowasukumia mtaroni si wadogo wa watu? Hasira hii inatoka wapi? Na je, nimkataze mdogo wangu?"

Dada, tuanze na hesabu, maana madereva wengi ukiwauliza sababu watakwambia "ananichelewesha" na mjadala unaishia hapo.

Ukimfuata mwendesha baiskeli anayekwenda kilomita 15 kwa saa kwa umbali wa mita 100, utatumia sekunde 24. Ungekuwa huru na ukaenda kilomita 40 kwa saa, mita hizo ungezimaliza kwa sekunde 9. Kwa hiyo amekula sekunde 15 zako. Ukishampita unakwenda kusimama kwenye mataa ya Buguruni pamoja na wote waliokuwa mbele yako, na mara nyingi yeye mwenyewe anakukuta hapo, anapenya kando ya foleni na kukuacha.

Sasa jiulize ni nani mwingine anayekula muda wako asubuhi. Daladala husimama katikati ya njia, konda anashuka, anaita abiria, anasaidia kupandisha gunia, na wewe nyuma umetulia kama uko msibani. Unapiga honi, ndiyo, unasonya, lakini humbani mtaroni. Msafara wa kiongozi ukipita, trafiki anakusimamisha hadi injini inachemka, na pengine hata honi hupigi. Lori la kontena linalotoka bandarini linajaza njia mbili pale barabara ya Mandela, unalipisha na kumshukuru Mungu limekwenda. Hao wote wanakuchelewesha kuliko baiskeli kwa mbali sana. Kama hasira yako ingekuwa inafuata muda uliopotea, mbeba mkaa angekuwa wa mwisho kwenye orodha.

Jibu langu ni hili, na yote yanayofuata ni maelezo yake: hasira ya barabarani humtafuta yule ambaye dereva anaweza kumfanya kitu bila kulipiziwa. Foleni haina sura. Msafara una bunduki, daladala ina bodi ya chuma, na konda ana mdomo. Mwendesha baiskeli ana mgongo tu, tena umekugeukia. Mchanganyiko wa moto unaoubeba tangu nyumbani (mtoto aliyegoma kuvaa viatu, bosi anayetuma ujumbe saa moja kasoro, mafuta yaliyopanda bei) unamwangukia yeye kwa sababu ndiye wa kwanza kupatikana.

Usinielewe vibaya, kuna mambo ya kweli anayoyafanya yanayokera, na nitayafikia. Lakini kwanza tuone kinachotokea ndani ya kichwa cha dereva, maana hapo pamechunguzwa vya kutosha.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani, Jerry Deffenbacher, na wenzake walitengeneza kipimo cha hasira za madereva. Waligundua kwamba vinavyowasha hasira hiyo huangukia kwenye mafungu sita: ishara za matusi, uvunjaji wa sheria, kuwepo kwa polisi, mwendo wa pole, utovu wa adabu, na vizuizi vya njiani. Angalia sasa mwendesha baiskeli anavyogusa mafungu mengi kwa mpigo. Ni mpole kwa mwendo, ni kizuizi, na akipita kwenye taa nyekundu amevunja sheria mbele ya macho yako. Akiteleza kando ya foleni uliyokaa nusu saa, inaonekana kama utovu wa adabu, ingawa hajakuchukulia hata hatua moja ya nafasi yako. Hilo la mwisho linawauma madereva kuliko wanavyokiri. Umelipia gari, bima na mafuta, halafu mtu wa baiskeli ya Phoenix anafika Kariakoo kabla yako!

Kisha kuna hofu. Anapoyumba ghafla mbele yako, mwili wako unashtuka kabla akili haijasema kitu, na mguu unakwenda kwenye breki wenyewe. Kwa nusu sekunde umeiona ajali, umemuona mtu chini ya gari lako, umeona polisi na mahakama. Hofu ya namna hiyo haikai muda mrefu ikiwa hofu, inageuka ghadhabu dhidi ya aliyeisababisha. Mama ambaye mtoto wake ameponea chupuchupu kugongwa humvuta kando na kumchapa kofi, na machozi bado yanamtoka. Ndiyo hali hiyo hiyo, ila wewe una tani moja na nusu ya chuma mkononi, na unayetaka kumchapa kofi si mwanao.

Na unapomwona akiyumba, unajieleza vipi? Kwa kawaida utasema, "Hawa watu wana wazimu." Wewe ukikwepa shimo na kumkosakosa mwenzako, utasema barabara mbovu. Watafiti wa taasisi ya usafiri ya Uingereza, TRL, waliliona jambo hili kwenye ripoti yao ya mwaka 2002: dereva akieleza kosa la mwendesha baiskeli huliweka kwenye tabia yake, na mara chache sana huliweka kwenye mazingira aliyokuwamo. Tena kosa la mmoja linakuwa la wote. Bodaboda mmoja akikugonga kioo utamlaani, pengine na bodaboda wenzake, lakini dereva wa Toyota akikuchomekea hujawahi kusema "hawa watu wa Toyota".

Sasa hapa nikuombe uvumilie, maana panachukiza. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walichapisha uchunguzi mdogo wa watu 442. Waliwaonyesha mchoro unaoanza na nyani na kuishia kwa binadamu aliyesimama wima, na wengine mchoro unaoanza na mende. Wakawauliza, mwendesha baiskeli mnamweka wapi? Zaidi ya nusu ya wale wasioendesha baiskeli walimweka chini ya binadamu kamili. Miongoni mwa waendesha baiskeli wenyewe, takriban asilimia 30 walifanya vivyo hivyo. Asilimia 17 walikubali kuwa waliwahi kumzuia mwendesha baiskeli kwa gari makusudi, na asilimia 11 kwamba waliwahi kumsogelea karibu makusudi. Waliomweka chini zaidi kwenye mchoro ndio walioelekea zaidi kufanya hayo. Kwa hiyo, dada, kitendo chako cha kumpita karibu ili ashtuke kinajulikana, kimehesabiwa, na watu wapole wengi wanakifanya.

Namna dereva anavyomsoma mtu wa baiskeli huonekana hata kwenye usukani. Ian Walker, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Bath, alifunga kipima umbali kwenye baiskeli yake mwaka 2006 na kuendesha katika miji ya Salisbury na Bristol hadi akapitwa na magari zaidi ya 2,000. Alipovaa helmeti, madereva walimpita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8 na ushee. Alipovaa wigi la nywele ndefu, aonekane mwanamke kwa nyuma, walimwachia nafasi kubwa zaidi. Katika kazi hiyo aligongwa na basi mara moja na lori mara moja, siku zote mbili akiwa na helmeti. Mimi simwambii mtu avue helmeti kwa ajili hiyo. Ninachosema ni kwamba dereva anapima thamani na uzoefu wa aliye mbele yake kwa kumtupia jicho, bila kujua kama anapima.

Kwetu kipimo hicho kimechanganyika na cheo. Shinyanga au Tabora baiskeli ni chombo cha kila mtu, na mwalimu anaweza kwenda nayo shuleni bila kuulizwa. Dar es Salaam ukionekana na baiskeli ukiwa umevaa shati la ofisi, jirani atakuuliza kwa huruma kama gari limeharibika. Baiskeli imekuwa alama ya asiye nacho, na asiye nacho tumezoea atupishe. Umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu, maana London na Sydney mwendesha baiskeli mara nyingi ni mtu wa mshahara mzuri, wanamchukia kwa kumwona anajidai, na bado wanambana. Lakini cheo hutupa ruhusa. Kinatuambia kwamba tukimpigia honi ya kumkatisha roho, hakuna wa kutuuliza. Serikali nazo hufuata mkondo huo zinapotaka kusafisha miji: Machi 2022 mamlaka za Burundi zilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, na magari yakaendelea kupita.

Kuna na lile la "hawalipi kodi ya barabara". Hoja hiyo siipi uzito mkubwa, ila naisikia kila ninapotoa mafunzo kwa madereva, basi tuimalize. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuihamishia kwenye mafuta, kwa hiyo dereva analipa kadiri anavyochoma. Mbeba mkaa hachomi mafuta, lakini analipa kodi kwenye sabuni, vocha na sukari kama wewe, na barabara hazijengwi kwa tozo ya mafuta peke yake. Kuhusu uharibifu, majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa mzigo wa ekseli (mtaimbo unaoshika magurudumu) ukiongezeka mara mbili, lami huumia takriban mara 16. Ndiyo maana kuna mizani ya malori Vigwaza na hakuna mizani ya baiskeli.

Sasa tuje kwake yeye, maana hapa ndipo madereva wengi hawajui wanachokiona.

"Kwa nini hakai pembeni?" Nenda siku moja ukasimame ukingoni mwa barabara yoyote ya Dar na uangalie chini. Utakuta mchanga uliosombwa na mvua, vipande vya chupa, mifuniko ya mitaro iliyozama au kuibwa, na lami iliyomeguka ikaacha ngazi ya kimo cha kiganja kati yake na bega la barabara. Tairi jembamba likiteleza kwenye ngazi hiyo, mtu huanguka upande wa magari, kwa sababu ndiko anakojaribu kurudi. Pembeni ndiko daladala inakoingilia kituoni bila taa, na ndiko mlango wa gari lililoegeshwa unakofunguka usoni kwake. Mwendesha baiskeli mzoefu hujiweka hatua moja au zaidi kutoka ukingoni, na anajua anachofanya. Anayeng'ang'ania ukingo kabisa ndiye atakayeyumba ghafla.

Halafu pima njia yenyewe. Njia moja ya barabara zetu za mjini ina upana wa mita tatu na nusu hivi, mara nyingi pungufu. Gari lako pamoja na vioo lina karibu mita mbili. Inabaki mita moja na nusu, na humo uweke usukani wa baiskeli wenye sentimita 60, achilia mbali magunia yaliyotanuka pande zote mbili za keria. Hispania, Ufaransa (nje ya miji) na nchi nyingine kadhaa zinamtaka dereva aache mita moja na nusu tupu kati yake na baiskeli anapoipita. Kwa vipimo vyetu hilo haliwezekani ndani ya njia moja. Yaani hata akibana pembeni kiasi gani, huwezi kumpita salama bila kuhamia njia ya pili. Madereva wengi hudhani ananyima nafasi, kumbe nafasi hiyo haikuwepo tangu mhandisi alipochora.

Na kwa nini hasimami? Mtu aliyebeba magunia mawili ya mkaa kutoka upande wa Kisarawe hawezi kusimama na kuondoka kama wewe. Akipoteza mwendo inabidi ashuke, asukume, atafute mahali pa kupandia tena, na anaweza kuangusha mzigo katikati ya lami. Wewe ukikanyaga breki unalipa kwa kidole cha mguu, yeye analipa kwa mapaja, tangu alfajiri. Hilo halimhalalishii kupita taa nyekundu, ila linaeleza kwa nini anakwenda mpaka sekunde ya mwisho akitumaini utampisha.

Makosa yao yapo, nami nayasema kwao wenyewe ninapokutana nao. Kuendesha alfajiri bila taa wala kiakisi ni hatari ambayo dereva hawezi kuifidia kwa wema wake. Kuja kinyume cha mwelekeo wa magari kunawaua wengi, maana dereva anayetoka barabara ya mtaa huangalia kulia tu. Kukata kona bila kutoa mkono, simu masikioni, mzigo unaoziba macho: yote haya yapo. Hata hivyo, mizani ya madhara haiko sawa. Yeye akikosea, mara nyingi anayeumia ni yeye. Wewe ukikosea, anayeumia ni yeye pia. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa lina nguvu ya mgongano mara nne ya lile linalokwenda 30. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki.

Kwa nini basi tunaona kama wao ndio wavamizi? Kwa sababu tumelelewa na barabara. Walker huyo huyo na wenzake walichapisha mwaka 2023 utafiti wa Waingereza zaidi ya 2,000. Waliulizwa kama watu wasivute sigara kwenye maeneo yenye watu wengi ambao watalazimika kuvuta moshi wake, na asilimia 75 wakakubali. Swali hilo hilo likabadilishwa, sigara ikawa gari na moshi wa sigara ukawa moshi wa gari. Waliokubali wakawa asilimia 17. Jambo likifanywa na gari tunalisamehe kabla ya kulifikiri.

Mazoea hayo hubadilika, ingawa si kwa mahubiri. Uholanzi, ambayo leo inasifiwa kwa baiskeli, mwaka 1971 ilizika watu wapatao 3,300 waliokufa barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake mdogo, aliandika makala iliyozaa vuguvugu la "Stop de Kindermoord", yaani komesheni mauaji ya watoto. Wazazi walilala barabarani, na upungufu wa mafuta wa 1973 ukaongeza msukumo. Njia za baiskeli zikajengwa zikiwa zimetengwa, na sheria ikambebesha mwenye gari mzigo mkubwa wa fidia anapomgonga wa baiskeli. Madereva wa kule hawakuzaliwa wastaarabu kutuzidi. Wengi wao wenyewe ni waendesha baiskeli, na barabara haiwalazimishi kugombea mita ile moja na nusu. Sisi tulipojenga barabara ya mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi 2016, tuliweka njia za baiskeli kandokando. Nenda kazione: bodaboda, meza za bidhaa, magari yaliyopandishwa juu. Kisha tunamuuliza mwenye baiskeli kwa nini yuko barabarani.

Nije kwako. Huwezi kungoja jiji lijengwe upya, na hasira haiondoki kwa kujilaumu. Kinachosaidia ni kuamua kabla. Ukimwona baiskeli mbele, ondoa mguu kwenye mafuta mapema na ujiwekee sharti moja: sipiti mpaka njia ya pili iwe tupu. Sharti likishawekwa, ule ubishi wa "napita, sipiti" unaisha, na ubishi huo ndio unaochemsha damu. Hesabu sekunde kimoyomoyo, mara nyingi hutafika 15. Honi, kama lazima, iwe fupi na ya mbali. Ya karibu humfanya ageuke, na anayegeuka huyumba. Ukishampita, mtazame uso kwenye kioo. Naona kwa madereva ninaowafundisha kwamba uso unafanya kazi ambayo mgongo haufanyi. Na unapoegesha na kutaka kushuka, fungua mlango wa dereva kwa mkono wa kushoto, ulio mbali nao. Mwili utageuka wenyewe na utamwona anayekuja.

Jumapili moja asubuhi mwombe mdogo wako akuazime baiskeli, uzunguke nayo Tabata yenyewe, mitaa ya ndani. Dereva aliyewahi kupitwa na Coaster kwa sentimita 30 haendeshi tena kama zamani.

Kuhusu kumkataza, mimi nisingemkataza. Mazoezi anayoyapata yatampunguzia hatari ya shinikizo la damu na kisukari, na nauli inabaki mfukoni. Mpe masharti badala yake, kwa lugha ya dada mkubwa. Taa mbele na nyuma, hata saa kumi na mbili asubuhi. Asiende kinyume cha magari hata kwa mita kumi. Asijibane ukingoni. Asipite kamwe upande wa kushoto wa lori refu linalokaribia kona, hata kama limesimama, kwa kuwa dereva wa kule juu hamwoni, na tela likikata kona hufuata njia fupi zaidi kuliko kichwa cha lori. Mandela aikwepe anapoweza, apite mitaa ya ndani hata kama inamzungusha dakika kumi. Na akukubalie jambo moja: siku ya mvua kubwa, wakati mashimo na mitaro iliyo wazi vimefunikwa na maji, aiache baiskeli nyumbani, nawe umpe lifti.